Huyu Apite

Harufu ndiyo iliyomzindua. Shazia alikuwa amesimama uani kando ya pipa la kuchemshia mashuka, fimbo ya kukorogea mkononi, macho yamefumba nusu, mara harufu ikampanda puani, harufu ya nywele zilizopikwa. Akaichomeka fimbo ndani ya maji yaliyokuwa yakitokota, akainua. Kikatoka kitu kilichokunjamana na kuchuruzika, kikubwa kiasi cha kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Asubuhi ileile kilikuwa ngozi nzima ya kondoo yenye sufu yake, pana ya kumtosha mtu mzima kulalia.

"Mama yangu wee," akasema.

Ungeambiwa mtu mwingine yeyote wa mtaa ule amechemsha ngozi ya kondoo, usingeona ajabu. Lakini Shazia! Huyu ndiye aliyekuwa akiwafokea majirani juu ya ukuta akiwaona wanatia sweta kwenye maji ya moto. Alikuwa mchambuaji wa sufu tangu usichana wake, na hata hilo jina la utani alilipatia kazini: shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, naye alikuwa mrefu, mkavu, na ulimi wake ukikuchoma unatokea upande wa pili. Wageni waliopita kulitazama ghala la sufu walielezwa na yeye kwamba kila unywele wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na kwamba ukiutia joto na kuukoroga, magamba hunasana, na yakishanasana hakuna fundi wa kuyanasua. Ndivyo watu wa kale walivyopata kitambaa kizito cha kofia na mahema bila hata kufuma, aliwaambia. Lakini wale walifanya makusudi. Yeye alifanya kwa usingizi.

Alikiweka kile kitu juu ya jiwe la kufulia, akakaa kando yake. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu, na nguvu zenyewe hakuwa nazo.

Ndani, baba yake aliita. Hakuita jina la mtu, maana maneno mengi yalikuwa yamempotea tangu kiharusi kimwangushe na kumpooza upande mmoja. Aliita tu, "Eee." Shazia akajifuta mikono, akaenda kumgeuza ubavu wa pili.

Baba yake, Mzee Makasi, alikuwa mnyoa kondoo, tena si wa kubahatisha. Msimu wa kunyoa ukifika, mabanda yalikuwa yakimgombania, kwa sababu kondoo mikononi mwake hakupiga teke. Siri yake ilikuwa magoti. Alimkalisha kondoo kitako kama mtu, mgongo ukiegemea miguu yake, shingo imelazwa pembeni, na kondoo akishajiona ameshikwa kila upande, hana pa kuanguka, huacha kupigana. Hulegea. Makasi yakapita tumboni, ubavuni, mgongoni, na sufu ikateremka yote kwa pamoja kama koti linalovuliwa. "Usikaze magoti," alikuwa akiwaambia waliojifunza kwake. "Ukikaza, anajua unaogopa."

Halafu kulikuwa na ile habari ya chaki. Kila mnyoaji alikuwa na kipande cha chaki mfukoni mwa shati. Akimkamata kondoo akamwona dhaifu, pengine ametoka kuugua au kunyonyesha kumemmaliza, humpiga mstari mgongoni na kupaza sauti, "Huyu apite!" Mshika mlango hujibu, "Amepita!" na kondoo anaachiwa aende na sufu yake mpaka apate nguvu, kwani ukimvua koti katika hali ile, baridi ya usiku mmoja inatosha kumuua. Mpaka mshika mlango ajibu, kazi yote bandani ilisimama. Mwenye kondoo angeweza kununa anavyotaka. Neno la mnyoaji likishatoka, limetoka.

Kumjua aliye dhaifu, Mzee aliwafundisha wanawe wote wawili, ingawa ni Shazia peke yake aliyeshika. Unaipasua sufu kwa vidole mpaka uione ngozi, unachukua shungi dogo, unalikamata ncha mbili na kulivuta kwa ghafla karibu na sikio. Sufu nzima hutoa mlio mwembamba. Sufu ya kondoo aliyeteseka hukatika, tena nywele zote hukatikia mahali pamoja, kwa kuwa siku za ugonjwa unywele huota mwembamba, na wembamba ule haufutiki hata mnyama akinenepa baadaye. Shazia akiwa mezani pake ghalani aliweza kukuambia kondoo ambaye hajawahi kumwona aliumwa lini, mwanzo wa kiangazi au katikati yake.

Meza ile aliiacha siku Mzee alipoanguka. Aliomba ruhusa ya muda mfupi, na ule muda mfupi ukawa unajivuta wenyewe mpaka watu wakaacha kuuliza. Ngozi ya kondoo walikuwa wamempa Mzee wenzake alipostaafu, na Shazia akaitandika chini yake badala ya kuiacha ukutani kama pambo. Aliijua. Sufu inakunywa jasho na bado ukiigusa ni kavu. Inabonyea na kuinuka tena, haimsugui mtu. Nesi aliyekuwa akipita kumwangalia Mzee alimgeuza huku na huku akitafuta vidonda vya kulalia, asione hata kimoja, akatikisa kichwa. "Endelea hivyohivyo," akasema. Lilikuwa neno la sifa, lakini Shazia alilisikia kama hukumu.

Maana kuendelea hivyohivyo kulitaka mtu wa kumgeuza Mzee kutwa kucha, na kuifua ngozi kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, kwa mkono, na kuianika kivulini, kuichana ikikauka, na kupepeta shuka asije akalala juu ya punje ya mkate. Waliotaka kumsaidia hawakukosekana. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja, akamtandikia Mzee karatasi ya nailoni chini ili eti kitanda kisiloe, naye akaonyeshwa mlango. Binamu mmoja alikuja, akamvuta Mzee kwa kwapa, hakurudi tena. Mdogo wake Shazia alipiga simu kila wiki kutoka mji alikohamia, akauliza hali, na Shazia akajibu, "Tuko salama." Tuseme ukweli: hakuna kitu alichokitaka duniani kama mtu wa kumwambia "Nenda kalale," na kila aliyejaribu kumwambia hivyo alimwona hafai. Kichwa chake kilikuwa kigumu, naye alijivunia ugumu huo mpaka siku aliyookota mashuka na ngozi vyote kwa mkumbo mmoja, akavitia pipani.

Usiku ule alimlaza Mzee juu ya blanketi lililokunjwa. Asubuhi alipomgeuza, nyonga ilikuwa imebadilika rangi, na alipoweka kiganja pale, ngozi ilikuwa ya moto. Akasubiri, akagusa tena. Ule moto haukuondoka. Nesi alikuwa amemwonya juu ya dalili hiyo: pakishafunguka, alisema, kwa mzee wa umri huu pengine pasifunge tena. Shazia akasimama katikati ya chumba, akawaza amwambie nani, na akili yake ilikuwa nzito hata kuwaza kwenyewe kulimshinda.

Akaanza na lililokuwa karibu. Akagonga kwa fundi cherehani, akasema bila kumtazama usoni, "Jirani, naomba unikalie na Mzee kidogo." Fundi cherehani alimwangalia kama aliyeombwa akalie kiti cha mfalme. Shazia akaenda ghalani.

Pale mlangoni alikuwepo yule mama wa kupima magunia, Mama Mizani, waliyeanza naye kazi siku moja. Shazia akamweleza anataka sufu, yoyote, hata ile ya tumboni isiyo na soko, ajaze mfuko wa kumlazia baba yake. "Ile ngozi je?" Mama Mizani akauliza.

"Nimeichemsha."

Mama Mizani alicheka mpaka akaushika mzani. "Wewe? Shazia? Umechemsha ngozi? Jamani, njooni msikie!" Kisha akamtazama vizuri zaidi, akaona kilemba kilichofungwa upandeupande na viatu visivyofanana, na kicheko kikamwishia mdomoni. Aliowaita walipotokea aliwaambia hakuna kitu, rudini kazini. Akaingia ndani, akatoka na gunia limetuna. "Hii ni ya bega," akasema. "Nzuri. Nenda, mwenzangu. Tena ukikwama, sema."

Njiani, gunia kichwani, ndipo alipopiga simu.

"Sponji," akasema. "Njoo."

"Nani kafa?" mdogo wake akauliza mara moja.

"Hajafa mtu. Njoo tu."

Sponji si jina alilopewa na wazazi. Akiwa kijana alipewa makasi, akamkata kondoo kidogo pajani, akaona damu, akalia kuliko kondoo mwenyewe. Akaapa hashiki tena mnyama. Alihama mji, akajikuta anauza magodoro ya sponji, na katika ukoo ule wa sufu jina lilijileta lenyewe. Mzee alikuwa akicheka kuliko wote, lakini kila akicheka alikuwa akigeuka kutazama dirishani.

Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, na bila shaka alikuja na godoro. Lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kamba, bado lina nailoni yake inayong'aa, naye alikuwa analikumbatia mlangoni kama mtu anayecheza dansi na mke mnene. "Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hiyo nailoni iishie hapohapo nje."

"Ni ya kuzuia vumbi."

"Ni ya kumchemsha Baba. Jasho litapita wapi? Vua."

Akaivua. Shazia alitaka kumfukuza na godoro lake pia, maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alilibonyeza kwa ngumi, na kwa kweli lilikuwa laini, na godoro la Mzee lilikuwa limekwisha. Akauma ulimi. Wakakubaliana bila kusema sana: sponji chini, sufu juu. Shazia akatoa kitambaa cha pamba, kazi iliyomshinda usiku kwa usingizi, akaanza kukishona kiwe mfuko, akikaa kwenye kiti karibu na dirisha, sindano kubwa mkononi. Sponji akauweka mkoba wake mlangoni, kama mtu asiyekusudia kukaa. "Gari langu linaondoka alasiri," akasema. Shazia akaitikia kwa kichwa.

Ili kubadili godoro ilibidi Mzee ainuliwe. "Nitafanya mimi, Dada, wewe shona," Sponji akasema, akainama, akamshika baba yake kwapani na kumvuta. Mzee akapiga ukelele. Mkono wake mzima ukaruka na kumpiga mwanawe puani, na ule mguu wenye uhai ukaanza kusukuma hewa. Sponji akakaza. Mzee akazidi. Macho yalikuwa yamemtoka kwa hofu, pumzi inakwenda mbio.

"Mwache!" Shazia akafoka. "Toka, nitafanya mwenyewe, siku zote nafanya mwenyewe."

Akataka kuinuka. Akaweka mikono kwenye kiti, akajisukuma, na miguu haikuitika. Hakuwa mgonjwa. Miguu ilikataa tu, kama punda anavyokataa njiani. Akajaribu tena, akarudi kitini, na kwa mara ya kwanza tangu Mzee aanguke alimtazama mtu mwingine akiwa na baba yake mikononi na yeye hana la kufanya.

"Dada, nifanyeje?" Sponji alikuwa anavuja damu puani. "Ananipiga. Nifanyeje?"

"Mkalishe kama kondoo."

"Kama nini?"

"Panda kitandani nyuma yake. Mkalishe kitako. Mgongo wake kwenye magoti yako. Si hivyo, mlete karibu, asione pengo. Sasa laza kichwa chake pembeni, juu ya paja lako. Taratibu. Usimshike kwa vidole, mshike kwa mwili."

Sponji akapanda na soksi zake. Hakuwa amekishika kiumbe hivyo tangu siku ile ya bandani. Mzee bado alikuwa akipigana, kichwa huku, mkono kule, na magoti ya mwanawe yalikuwa yamebana kama koleo. Halafu Mzee akanyamaza. Midomo ikawa inatafuta kitu. Shazia aliijua sura ile; mara nyingi ilikuwa haifiki popote.

"Magoti," Mzee akasema.

Shazia akaiachilia sindano ikaning'inia kwenye uzi.

"Usikaze," akasema tena, kwa taabu, kila silabi ikitolewa kivyake. "Usikaze magoti."

Sponji akacheka, akalia, damu na machozi vikachanganyika mdomoni. Akalegeza magoti. Na mzee yule mzito akamlegea mikononi, shingo pembeni, macho yamefumba, akipumua polepole, kama walivyolegea kwake kondoo wa miaka yake yote. Sponji akakaa naye hivyo bila kujitikisa, wala hakufuta pua, mpaka fundi cherehani alipoitwa juu ya ukuta aje kuvuta godoro la zamani na kusukuma jipya. Safari hii hakuna aliyemwonyesha mlango.

Walipomlaza Mzee kwa ubavu, Shazia akaweza kusimama. Akaja na mfuko ambao ulikuwa umebaki upande mmoja haujafungwa, akaketi sakafuni kando ya kitanda kuumalizia, mgongo kwa kitanda. Sufu ya ghalani ilikuwa bado na mafuta yake, na vidole vyake vilivyopasuka kwa sabuni vikaanza kulainika kila alipoisukuma ndani. Harufu ilikuwa ile ya kazini. Akashona. Akasema kama anaiambia sindano, "Nimechoka, Sponji."

"Ungesema, Dada."

"Nasema sasa."

"Kila nikipiga simu unaniambia mko salama."

"Nilikuwa naongopa. Nilitaka uje bila kuitwa. Halafu ungekuja, ningekufukuza." Akavuta uzi. "Nimechoka mpaka naogopa kulala. Nahisi nikilala sitaamka kumgeuza, na nikiamka nitamkuta ameoza nyonga kwa kosa langu. Ile ngozi niliichemsha kwa mikono yangu miwili."

Sponji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nyuma yake, anautazama mkoba wake, ambao fundi cherehani alikuwa ameusogeza kutoka mlangoni mpaka karibu na kitanda ili apitishe godoro. Shazia akashona tena kidogo, kichwa kikamwangukia kifuani, sindano ikamchoma kidole, akashtuka, akaendelea. Kichwa kikaanguka tena. Ndipo Sponji alipoisogeza miguu yake, akayaweka magoti mgongoni mwa dada yake.

Shazia akakakamaa. "Unafanya nini?"

"Egemea."

"Mfuko haujaisha."

"Egemea tu, Dada."

Alikataa kwa muda. Mabega yake yalikuwa juu, karibu na masikio, mahali yalipokaa siku nyingi. Magoti ya nyuma yake hayakukaza wala hayakuondoka. Akahisi yameshika upande huu na upande ule, akahisi hakuna pa kuanguka, na kitu ndani yake kilichokuwa kikipiga mateke kikakoma. Kichwa kikaenda pembeni, kikalala kwenye godoro. Kilemba kikamteleza.

Hapo mkono wa Mzee, ule mzima, ukashuka ukakuta nywele. Ukatulia juu yake. Kisha vidole vikaanza kuzipasua, pole pole, mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kama vilivyopasua sufu ya kondoo wasiohesabika. Vikachukua shungi dogo, lenye mvi nusu yake. Vikalivuta kidogo. Mzee akainamisha sikio upande ule, akasikiliza, na uso wake ukawa wa mtu aliye kazini.

"Huyu," akasema.

Hata fundi cherehani aliyekuwa akikunja godoro kuukuu mlangoni alisimama.

"Huyu apite," Mzee akasema.

Mkono wake ukabaki palepale juu ya kichwa cha binti yake. Hakuuondoa. Alikuwa anangoja kujibiwa, kama ilivyokuwa desturi, na kazi yote chumbani ilikuwa imesimama.

Sponji akaukunjua mguu mmoja, akausukuma mkoba wake mpaka chini ya kitanda, akaurudisha mguu mahali pake.

"Amepita, Baba," akasema.

Shazia aliwasikia wote wawili, akalala palepale.